Acheni kumwambia mtoto "nenda ukaombe kucheza"

Mtoto wa miaka minne amesimama pembeni ya wenzake wanaopikapika mchanga. Mtu mzima anamsukuma begani: "Nenda, waambie na wewe unataka kucheza." Anakwenda, anasema, anajibiwa "Hatutaki!", anarudi analia. Basi tunaambiwa ana aibu, au wale wengine hawana adabu. Maelezo yote mawili yamenichosha.

"Na mimi nicheze?" ni swali linalojibika kwa "hapana", na "hapana" ndilo jibu jepesi. Watoto waliokwisha kugawana kazi, huyu mama, yule muuza genge, sufuria ni kifuniko kimoja, wanaogopa mgeni atawavurugia. Mwanasosholojia William Corsaro alichunguza chekechea za Marekani akaona takriban nusu ya majaribio ya kwanza ya kuingia mchezoni yanakataliwa. Nusu! Kukataliwa mara moja si kutengwa. Kinachotofautisha watoto ni jaribio la pili na la tatu, ambayo sisi huyaua kwa kukimbilia kuamulia.

Wanasaikolojia Martha Putallaz na John Gottman walilitazama jambo hili mwaka 1981. Anayepokelewa kwa urahisi haanzi kwa kuomba. Anasogea kimya, anatazama nani anafanya nini, anaanza kukoroga mchanga wake hapo jirani, halafu anasema neno la mchezo uleule: "Wali umeiva, nilete sahani?" Anayefukuzwa hujitaja ("mimi nina baiskeli") au hukosoa ("siyo hivyo, mnakosea").

Kwa hiyo mwache atazame dakika mbili tatu. Muulize kwa sauti ya chini: wanapika nini, nini kimepungua? Mpe majani yawe mchicha, au kopo la maji. Pipi usimpe, zikiisha na urafiki umeisha. Kisha ondoka. Ukibaki umesimama pale kama mgambo, watampokea kwa ajili yako na kumtoa ukigeuka.

Sasa linaloniudhi zaidi: kumchanganya mtoto asiyetajwa na mtoto anayekataliwa. Ukiwaonyesha watoto picha za wenzao, ukauliza wanapenda kucheza na nani na hawapendi kucheza na nani, wapo wasiotajwa popote, na wapo wanaorundikiwa kura za kutopendwa. Wanasaikolojia Coie, Dodge na Coppotelli walitenganisha makundi haya mwaka 1982, na bado yote yanaitwa "mpweke". Asiyetajwa mara nyingi hana tatizo. Badilisha darasa, naye hali yake inabadilika. Anayekataliwa ndiye wa kuhangaikia, na kopo la maji halimtoshi. Baadhi yao hujikunyata tu, lakini kwa wale wenye ngumi shida inaanza kabla ya ngumi: kaguswa kiwiko kwa bahati mbaya, yeye kaelewa kapigwa. Huyo, kumlazimisha aseme "samahani" ni kumfundisha neno tu. Chukua midoli miwili, mmoja amwangushe mwenzake, uliza: kakusudia au bahati mbaya? Umejuaje? Sasa afanye nini? Na kingine? "Na kingine" usiiruke, maana jibu la kwanza karibu kila mara ni kupiga au kumwita mwalimu.

Hata hivyo siuzi dawa. Mtoto anaweza kukutajia njia tano mbele ya mdoli saa nne, na saa nne na nusu akamng'ata mtu. Akibadilika kweli, wenzake bado wanamsoma kwa sifa yake ya zamani. Ndiyo maana napendelea kumpa mwenza mmoja na kazi ya watu wawili, kabla ya kumrudisha kundini. Zile picha nazo, kwa watoto wa miaka mitatu, majibu ya leo na ya wiki ijayo hayafanani, kwa hiyo nayaamini zaidi macho yangu uwanjani. Tena kanuni hizi zimetoka kwenye vyumba vya watoto wa rika moja. Kwenye kombolela ya mtaani, wa miaka minne anacheza na wa miaka kumi, na dada mtu akisema "huyu mdogo wangu, anacheza", anacheza.