Kiuno sio nyonga: yajue majina ya mifupa yako kabla hujaingia kwa daktari

Nianze na bibi mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa aliyeletwa kitengo chetu cha fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) na wajukuu zake, wamembeba juu ya kiti cha plastiki. Aliteleza chooni siku 9 nyuma, akapelekwa zahanati moja akasema "kiuno chaniuma mwanangu, kiuno chanikata", na aliyempokea akaandika kiuno vilevile alivosikia, ikapigwa eksirei ya mgongo wa chini, picha ikatoka safi, akapewa vidonge vya maumivu akarudishwa nyumbani, na siku za mwanzo akawa ajikokota na bakora yake mpaka jikoni afika. Mimi nikamwambia bibi hebu weka mkono hapo panapouma haswa. Hakuupeleka mgongoni, aliuweka kwenye kinena. Nikaangalia miguu, wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, na ukiona hivo hata kabla ya picha ushajua, ni shingo ya fupa la paja, pale pembamba chini ya kichwa chake, imevunjika. Vipande vilikuwa vimebanana ndo maana mwanzo aliweza kutembea, halafu vikaja kuachana. Na mahali hapo hapataki kuchelewa kabisa, manake mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa hupita hapohapo shingoni, ikikatika kile kichwa chaweza kufa.

Sasa bibi wa watu hana kosa, sote huku twaita kiuno kila kitu kuanzia mbavu za mwisho hadi matakoni. Lakini kwa mifupa hayo ni mambo mawili tofauti. Kiuno ni zile pingili 5 za chini za mgongo. Nyonga ni pale kichwa cha fupa la paja kinapoingia kwenye tundu lake, na kiungo huo kikiumia maumivu mara nyingi husikika kinenani, wakati mwengine hata gotini, kwa hivyo mtu mzima akianguka kisha alalamikie goti na goti lenyewe halijavimba, tafadhali nyonga nayo iangaliwe.

Neno jengine linalotutesa ni mguu. Kwetu mguu ni kuanzia nyonga mpaka kidole, na humo ndani mna mifupa 30: fupa la paja, pia ya goti (ule mfupa wa mbele ya goti), muundi na yule mwenzake mwembamba wa upande wa nje, halafu 26 yote iko kuanzia kifundo kwenda chini. Mkono pia ni 30 ukihesabu kutoka chini ya bega, na 27 kati ya hiyo iko kiganjani, vidoleni na kwenye kifundo cha mkono. Mwili mzima wa mtu mzima una 206. Kwa hivyo ukisema "mguu wauma" bas umemwachia daktari achague moja katika 30, na foleni nayo iko nje yamngoja.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi watakutajia patela bila kusita, uwaulize pia ya goti wanyamaze, na hilo huniuma kwa kweli, manake majina yetu yanaonyesha kitu chenyewe. Patela kwa Kilatini ni kisahani kidogo. Mswahili yeye alipouona mfupa ule aliona pia, ile wanayochezea watoto, na ukiushika mkononi una ncha chini kweli (wengine huuita kilegesambwa, ni huohuo). Kombe la bega nalo ni pana kama kombe. Na pingili si zile za muwa? Mtu ashamenya muwa hahitaji kufundishwa uti wa mgongo ulivyo, vipande vimepangana kimoja juu ya chengine, tofauti ni kwamba baina ya pingili zetu kuna gegedu laini inayotuwezesha kuinama. Mtoto huzaliwa na pingili 33: 7 za shingo, 12 zinazoshika mbavu, 5 za kiuno, 5 zinazokuja kuungana zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga mbili, na 4 za mwisho nazo huungana zikawa kifandugu. Hizo 7 za shingo ukiwapeleka watoto Haller Park, ile bustani ya wanyama, waonyeshe twiga, shingo lote lile nalo ni pingili 7 vilevile, ila zake ni ndefu.

Muundi ni huo mfupa wa mbele unaougusa chini ya goti, hauna nyama mbele yake, ni ngozi tu, kwa hivyo ajali za bodaboda mara nyingi huvunjika ukatoboa ngozi ukatoka nje. Hapo usipake mafuta wala majani, na usijaribu kuurudisha. Funika kwa kitambaa safi uende hospitali saa hiyohiyo. Na mtu asikandwe kwanza ati "umeshtuka tu", kushtuka na kupata ufa huvimba sawasawa, ni picha ndio itakayokwambia.

La mwisho ni la wakwezi wetu wa minazi, Kisauni, Likoni mpaka Mtwapa. Mkwezi akianguka akatua kwa miguu, mfupa wa kisigino ndio hupokea uzito wote, na nguvu ile hupanda mpaka mgongoni. Yeye atakuonyesha kisigino kwa sababu ndicho kinachopiga kelele, na pingili ya kiuno huenda imepondeka juu huko kimyakimya. Kwa hivyo usiseme tu "ameumia mguu". Sema ametoka juu ya mnazi ametua kwa visigino, mgongo nao upigwe picha. Na asikunjwe ndani ya tuktuk jamani, nimewaona wakiletwa wamekunjwa kama nguo, alazwe chali, mgongo umenyooka, na akihamishwa ahamishwe juu ya ubao ama hata mlango uliong'olewa, watu wanne wanyanyue kwa pamoja, kichwa kikishikwa kisiyumbe.