Je, wajua kwa nini risiti za safari hufutika ndani ya daftari la kumbukumbu?

Mwenye daftari la kumbukumbu za safari hubandika karibu kila alichorudi nacho: picha, tiketi, kipande cha ramani, pindo la khanga, jani lililokaushwa. Kisha huandika na kupaka rangi juu yake. Wasanii huita kazi hii kolaji, kutoka neno la Kifaransa la kubandika kwa gundi, na Picasso na Braque waliiingiza katika uchoraji wao mwaka 1912.

Ukurasa wangu wa Mji Mkongwe ulikuwa na risiti ya chakula cha mchana cha watu wanne: tarehe, saa, pweza wa nazi, chai. Mwaka haukuisha, ikabaki karatasi tupu. Nikaamini jua limekula wino. Basi risiti ya safari iliyofuata nikaifunika yote kwa selotepu pana, nikalifungia daftari kabatini, gizani. Hiyo ikafutika upesi zaidi. Nilikosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili: risiti zile hazikuwa na wino hata tone.

Mashine nyingi za risiti, zikiwemo za EFD tulizozizoea Tanzania, hazina katriji wala utepe. Zina kichwa chenye vinukta vya kupasha joto, aghalabu 8 katika kila milimita. Rangi imo ndani ya karatasi yenyewe. Kwangua risiti mpya kwa ukucha, kwa nguvu na haraka, utaona mstari mweusi: joto la msuguano limeandika.

Linavyoandika ndipo penye utamu. Chukua unga wa ndimu na magadi, vyote vikavu, uvichanganye bakulini. Vitakaa pamoja kimya. Tia tone la maji, povu litapanda. Uso wa risiti nao umepakwa vitu viwili vikavu vilivyolala bega kwa bega: rangi isiyoonekana na asidi dhaifu. Kinachovikutanisha si maji bali joto. Kinukta kikipata moto, utando huyeyuka mahali pale tu, asidi huigusa rangi, na rangi hubadilika umbo na kuwa nyeusi. Pakipoa, vyote huganda vikiwa vimeshikana.

Lakini mshikamano huo huvunjika. Fikiria juisi ya rozela: ni nyekundu kwa sababu ya uchachu wake, na ukitia magadi wekundu unaondoka, ingawa rozela bado imo glasini. Kwenye risiti, mafuta ya kulainishia plastiki ndiyo yanayoitenga asidi na rangi. Yamo katika selotepu nyingi, katika mifuko laini ya plastiki ya kuhifadhia picha, na losheni ya mikononi hufanya kazi ileile. Maandishi hayajang'olewa, yamerudi kutoonekana.

Jua nalo lina sehemu yake, sitaki kuliondolea lawama yote. Kasi ya kufifia hutegemea karatasi, kwani zipo zilizopakwa tabaka la kinga. Gundi nazo hazilingani, lakini zenye spiriti, kama zilivyo maka peni nyingi, huyeyusha vile vitu viwili kwa mkupuo na kuacha doa jeusi. Na anayepeleka risiti steshenari ikafanyiwe leminesheni ili idumu hurudishiwa karatasi nyeusi yote, maana ile mashine ni joto tupu.

Kwa hiyo sasa natoa kopi siku ninayorudi nyumbani, kwa mashine ya leza. Unga wake ni kaboni na plastiki iliyoyeyushiwa juu ya karatasi. Hauhitaji asidi ili uonekane, na gundi ya maji hauiogopi. Kopi ndiyo ninayoikata kwa mkasi na kuibandika kando ya picha. Risiti yenyewe inakaa kwenye bahasha ya karatasi, nyuma ya jalada, mbali na selotepu.