Je, wajua kwa nini modeli ya takwimu inayotabiri vizuri idadi ya nyumbu inaweza kukupotosha kuhusu mvua?

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa yapata 260,000. Kufikia 1977 walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoua pia nyumbu, ilikuwa imewaacha mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wa maeneo jirani kuchanjwa, kisha miaka ya 1970 mvua za kiangazi zikaongezeka na kuotesha nyasi katika miezi ya njaa.

Tuseme una takwimu za sensa hizo, za mvua ya kiangazi na za wingi wa nyasi. Ukitia mvua na nyasi katika modeli moja, nyasi zitabeba karibu mzigo wote. Namba ya athari ya mvua itasogea kwenye sifuri, na AIC, kipimo cha kulinganisha modeli (ndogo ndiyo bora) alichokibuni mwanatakwimu Hirotugu Akaike, huenda kikakuambia uitoe mvua. Kwa anayetaka kutabiri sensa ijayo, huo ni ushauri mzuri. Kwa anayeuliza mvua inawafanyia nini nyumbu, ni upotoshaji mkubwa: mvua humfikia nyumbu kwa kupitia nyasi, na ukizidhibiti nyasi umeiziba njia ileile uliyotaka kuipima.

Kwa hiyo lengo huamuliwa kabla takwimu hazijafunguliwa.

Anayetafuta sababu huanza na karatasi na kalamu, akachora mishale ya nini kinasababisha nini. Kilicho katikati ya mshale, kama nyasi, hukiacha nje. Kinachoweza kuchanganywa na mvua hukiingiza hata kama thamani yake ya p ni kubwa, yaani hata kama takwimu hazionyeshi dalili wazi ya athari yake. Sotoka ndiyo mfano: miaka ya mvua nyingi ilikuja baada ya ugonjwa kuondoka, na usipouhesabu, mvua itapewa sifa ya kazi iliyofanywa na chanjo.

Anayetabiri hana haja ya mishale. Hata kigeu (kitu kinachopimwa, kama mvua au nyasi) kisichosababisha chochote kinamfaa, mradi kisaidie kubashiri takwimu ambazo modeli haijaziona. Hapa wengi huteleza kwa kuchagua miaka ya majaribio kwa bahati nasibu. Nyumbu wa mwaka huu wengi wao ni walewale wa mwaka jana, hivyo mwaka uliofichwa tayari umevujishwa na jirani zake. Ficha miaka inayofuatana, au fundisha modeli kwa miaka ya awali na uipime kwa ya baadaye. Sensa zikiwa pungufu ya 40 kwa kila kigezo (namba ambayo modeli inaikadiria), tumia AICc, yaani AIC iliyosahihishwa kwa takwimu chache. AIC za modeli zikipishana kwa chini ya 2, usitangaze mshindi.

Lipo pia lengo la kupekua tu, na ndilo lenye mtego mbaya zaidi. Mwaka 1983 mwanatakwimu David Freedman alitengeneza vigeu 50 vya namba za kubahatisha tupu, vyenye vipimo 100. Alichuja vilivyoonekana kuwa na dalili, vikabaki 15, akaviingiza upya katika modeli. Sita vikaonekana na maana kwa kiwango cha 5%, ilhali hakukuwa na chochote cha kugundua. Ulichokipata kwa kupekua ni dhana, nayo hupimwa kwa sensa mpya, si kwa zilezile zilizoizaa.

Ukihitaji sababu na utabiri pia, jenga modeli mbili, ueleze kila moja peke yake, na usisome athari ya mvua kwenye ile ya kutabiri.