Matawi na tegi za plagini: yanayosemwa na yalivyo

Chukua plagini ya WordPress (kiongezi cha programu ya kuendeshea tovuti) ya kupokea maombi ya vyumba, ambayo msimbo wake unatunzwa kwa Git. Kwenye Git, komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa, tawi ni mfululizo wa komiti, na tegi ni jina linalobandikwa kwenye komiti moja, kama namba ya toleo. Nyumba moja ya wageni Paje imebaki na toleo 1.8.3 kwa sababu seva yake bado ni PHP 7.4 (PHP ni lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo). Hoteli ya Mji Mkongwe imeshahamia 2.1.0.

Dhana: Kazi makini lazima iwe na matawi ya `develop`, `release` na `hotfix`.
Mpango huo, Git Flow, aliuandika Vincent Driessen mwaka 2010. Mwaka 2020 mwenyewe aliongeza kwamba programu za wavuti zinazotolewa mfululizo zinafaa njia nyepesi. Kwa plagini, hesabu matoleo makuu unayoyahudumia, si idadi ya watu kwenye timu. Ukihudumia moja, tawi kuu `main` linatosha. Mawili, ongeza tawi la toleo la zamani, `1.x`, basi.

Dhana: Kurekebisha toleo la zamani, unganisha `main` ndani ya `1.x`.
Hapo ndipo Paje wanapoamka tovuti imekufa, tena msimu wa wageni. Ukiunganisha unabeba kila kitu, pamoja na `match`, sintaksia ya PHP 8.0 ambayo 7.4 haiisomi kabisa. Rekebisha kwenye `main`, kisha chota komiti hiyo moja tu:

`git switch -c 1.x v1.8.3`
`git cherry-pick -x a1b2c3d`

(`a1b2c3d` ni namba ya komiti; `-x` huandika komiti ilikotoka.) Pandisha namba ya toleo, jaribu kwenye 7.4 yenyewe, ndipo:

`git tag -a v1.8.4 -m "Tarehe za kuondoka"`
`git push origin 1.x v1.8.4`

Tegi imetajwa makusudi: `git push` tupu huiacha kwenye kompyuta yako.

Dhana: Tegi ikikosewa, ihamishe.
Aliyekwisha kuichukua anabaki na ile ya mwanzo. Tangu Git 2.20, hata `git fetch --tags` hukataa kuibadilisha bila `--force`. Mnakuwa na 2.1.0 mbili, na kila mmoja anaapa yake ndiyo. Toa 2.1.1, namba hazinunuliwi.

Dhana: 1.10 ni ndogo kuliko 1.9.
Si desimali. Panga kwa `git tag --sort=v:refname`.

Dhana: Tegi ikishapanda, wateja wote watapata.
WordPress.org, ghala la plagini, hutumia Subversion (mfumo mwingine wa kazi kama ya Git), na kwenye masasisho hutoa toleo moja tu: lile lililotajwa kwenye `Stable tag` ya `readme.txt`. Usipopandisha `Version` kwenye faili kuu, tovuti hazioni jipya. Na maadamu `Stable tag` ni 2.1.1, 1.8.4 haitafika Paje yenyewe. Ifunge:

`git archive --prefix=vyumba/ -o vyumba-1.8.4.zip v1.8.4`

Wapelekee zip hiyo waipakie wenyewe. Tangu WordPress 5.5, dashibodi inakubali kuiweka juu ya ile ya zamani.