Kutiki Kila Kisanduku Hakukupi Alama Zote

Malalamiko ya maswali yenye majibu sahihi zaidi ya moja yamezidi kwenye kitengo chetu cha upimaji wa mtandaoni, na mengi huanza na maneno yaleyale: kompyuta imenionea. Kompyuta haimwonei mtu. Inafuata kanuni aliyoiweka mtunzi wa swali, na kanuni hiyo ndiyo watahiniwa wengi hawakuelezwa mapema.

Chukua swali hili: namba zipi ni tasa kati ya 2, 9, 11, 15 na 21? Majibu ni 2 na 11. Kwenye Moodle, mfumo wa masomo na majaribio ya mtandaoni, asilimia za majibu sahihi lazima zijumlishe 100, kwa hiyo kila moja hupewa 50. Hapo mtunzi huona amemaliza, kumbe vipotoshi vitatu, yaani majibu yasiyo sahihi, bado viko sifuri. Atakayetiki visanduku vyote vitano ataondoka na alama zote, sawa kabisa na aliyejua namba tasa. Huku si kupima.

Kila kipotoshi kipewe hasi 33.33333. Aliyetiki vyote anabaki na sifuri. Aliyetiki 2, 11 na 9 (9 huwanasa wengi kwa kuwa ni witiri) anapata kama asilimia 66.67. Aliyetiki 2 na 9 tu anapata 16.67. Na tafadhali, tuache kuenezeana hofu: makosa yakizidi, swali hilo huishia sifuri, haliendi kula alama za swali jingine.

Google Forms yenyewe haigawi nusu alama. Ukiacha jibu moja sahihi au ukiongeza moja lisilo sahihi, umekosa swali zima, isipokuwa mwalimu arekebishe alama kwa mkono. Kanuni zote mbili zinakubalika, mradi itajwe kabla jaribio halijafunguliwa.

Walimu wenzangu, andikeni kwenye swali lenyewe "chagua mawili" au "chagua yote yaliyo sahihi". Msiweke chaguo la "yote yaliyo hapo juu": mfumo ukichanganya mpangilio, hapo juu panaweza kuwa hapana kitu.

Kuhusu rufaa, taja jaribio, namba ya swali, machaguo uliyotiki na sababu unayoona ufunguo wa majibu una kasoro, ndani ya muda uliotangazwa pamoja na matokeo. Kasoro ikithibitika, swali husahihishwa upya kwa watahiniwa wote, si kwa aliyelalamika peke yake. Kwanza tunauendesha usahihishaji kwa majaribio ili kuona alama zipi zitabadilika, kisha ndipo tunaidhinisha. Mtunzi akibadili asilimia jaribio likiwa limeshafunguliwa, bila idhini, matokeo yote ya jaribio hilo huzuiwa hadi yakaguliwe. Picha ya skrini inayoonyesha jumla ya alama pekee hatuipokei, kwa sababu haituonyeshi ulichotiki.