Kasri la Waholanzi ambalo Waholanzi hawakulijenga

Juzi tena. Wateja wangu wengi ni watu wa Mombasa, Dar na Unguja waliokuja Ernakulam, upande wa bara wa jiji la Kochi, Kerala, kusini mwa India, kumuuguza mgonjwa. Mgonjwa akishalazwa, waliomsindikiza hubaki na siku nzima ya kupoteza, nami huwavusha kwa feri hadi Fort Kochi na kuwatembeza mpaka mtaa wa Mattancherry. Basi tumefika Dutch Palace, yaani Kasri la Waholanzi, mzee mmoja akavua miwani, akatazama juu, akasema, "Hawa Waholanzi walikuwa mafundi kweli kweli." Wenzake wote wakaitikia. Nikameza mate.

Naandika leo ili atakayefuata nimtumie linki tu.

Waholanzi hawakulijenga. Lilijengwa na Wareno yapata mwaka 1555, wakampa raja, yaani mfalme, wa Kochi, Veera Kerala Varma. Haukuwa ukarimu. Walikuwa wamepora hekalu la jirani, na bila raja huyo biashara yao ya pilipili manga ingelala, kwa hiyo ilibidi wamtulize. Waholanzi waliwang'oa Wareno mwaka 1663, wakakarabati, wakaongeza hapa na pale, na jina likawang'ang'ania. Ni mpangaji aliyepaka chokaa, mtaa mzima ukamwita mwenye nyumba.

Halafu kuna wale wanaonisikiliza mpaka hapo, wakageuka na kusema, "Kumbe Wareno ndio mafundi!" Hao ndio wanaonimaliza. Jamani, tazameni nyumba yenyewe. Pande nne zimezunguka ua ulio wazi, na katikati ya ua pana hekalu la mungu wa kike Pazhayannur Bhagavathi. Huo ni mpango wa nalukettu, nyumba za wakubwa wa Kerala tangu hapo. Mreno gani angejenga hekalu la Kihindu katikati ya ua wake? Fedha ni za Mreno, akili ya nyumba ni ya wenyeji. Ingia chumba alichokuwa akilala raja, sogea karibu na ukuta: kisa cha Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, kimechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, manjano na kijani, watu na wanyama wamebanana hata pa kuingiza kidole hapana. Cha Mholanzi hapo hamna kitu. "Lakini kibao kimeandikwa Dutch Palace." Ndiyo, mama. Kibao.

Sinagogi ya Paradesi iko hatua chache tu: ya mwaka 1568, sakafu ya vigae vya buluu na vyeupe vilivyochorwa kwa mkono China. Paradesi maana yake ni wageni. Ijumaa kasri na sinagogi vyote vimefungwa, na sinagogi hata Jumamosi, usije ukanilaumu.

Watu wa Malindi nao wana lao. Hudhani hapa ndipo Vasco da Gama alipofikishwa na rubani aliyepewa kwao. La. Safari ile ya 1498 iliishia Calicut, kaskazini ya hapa. Kochi alikuja safari za baadaye, akafia hapa mkesha wa Krismasi mwaka 1524, akazikwa katika kanisa ambalo leo linaitwa la Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1539 mabaki yake yakapelekwa Ureno. Kwa hiyo jiwe lile lenye uzio mnalopanga foleni kupiga nalo picha halina mtu chini yake. Mimi huwaambia waangalie juu: pale pana mapazia marefu ya kupepea, yenye kamba zilizokuwa zikivutwa na kijana aliyekaa nje. Mswahili akiyaona ndipo anapolielewa neno pangaboi.

Kuhusu nyavu za Kichina pale ufukweni, nikiri jambo. Kwa miaka niliapa kwamba zililetwa na merikebu za Zheng He, yule nahodha mkuu wa Kichina. Siku hizi siapi. Wapo wanaosema Wareno ndio waliozileta kutoka Macau, kituo chao huko China, na kila nikiipima hoja yao naiona ina uzito. Ninachoweza kukuonyesha ni kazi yenyewe: boriti ndefu zinainama, wavu unazama, unakaa dakika chache, kisha wanaume wanne au watano wanavuta kamba huku mawe yaliyoning'inia nyuma yakiwasaidia kama mizani. Mara nyingi unatoka na visamaki vya kujaza kikapu kidogo. Wakikuita uvute nao, toa bakshishi bila kununa.

Ila mahali ninapopataka mimi hapamo katika ratiba za mahoteli. Ni Mangattumukku, Mattancherry hiyohiyo, penye kijukwaa cha Kappiri Muthappan. Muthappan ni babu. Kappiri ni kafiri, neno letu lilelile, walivyowaita Waafrika walioletwa utumwani na Wareno. Inasimuliwa kwamba Wareno walipowakimbia Waholanzi, waliwaua watumwa na kuwafukia pamoja na mali ili roho zao ziilinde. Mauaji na hazina ya namna hiyo siviamini vyote. Hadithi kama hizi zimejaa pwani zote. Lakini watumwa walikuwepo, na babu anaheshimiwa hadi leo. Hakuna sanamu. Watu huwasha mshumaa, humwekea tembo la mnazi na sigara.

Mzee wa miwani alisimama pale muda mrefu. "Kafiri?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kafiri. Akaniuliza kwa nini sikuanzia hapa.