Pleti ya Purple Heart haimwondolei dereva faini

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba Marekani, gari lenye pleti ya namba yenye nishani ya Purple Heart halisimamishwi na polisi wala halitozwi faini. Si kweli. Pleti hiyo ni heshima kwa askari aliyejeruhiwa vitani. Akizidisha mwendo, anaadhibiwa kama dereva mwingine.

Mkanganyiko unatokana na nafuu zilizopo kweli. Jimbo la Texas, kwa mfano, humsamehe mwenye pleti hiyo ada ya mita za maegesho ya serikali. Lakini huko, tangu Januari 2022, hata pleti ya askari mstaafu mlemavu, isipokuwa na alama ya kiti cha magurudumu, hairuhusu kuegesha nafasi za walemavu.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Fungua tovuti ya usajili wa magari ya jimbo husika, usome masharti: kwa kawaida mwombaji huambatanisha uthibitisho wa nishani, mfano fomu DD 214, yaani hati ya kumaliza utumishi jeshini.